Sentensi Isiyomo Kitabuni

Fundi wa sauti aliikuta Jumamosi asubuhi, saa tatu na robo, kitabu kikiwa mapajani na chai imeshapoa kando ya kompyuta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha macho na masikio kwa pamoja. Alikuwa akisikiliza sura nzima ya thelathini na moja huku kidole chake kikifuata mistari ya kitabu neno kwa neno, na kila msomaji alipoteleza, aliandika pembeni dakika na sekunde. Alikuwa ameshapata makosa sita. Mahali fulani tumbo la msomaji lilikuwa limenguruma katikati ya kiapo. Mahali pengine binti wa jemadari wa riwayani alikuwa ameomba kushikwa mkoba badala ya mkono. Kisha kidole kikafika mwisho wa aya, na sauti ikapitiliza.

Ilikuwa sauti ile ile ya binti wa jemadari akimuaga mchora ramani kwenye ngazi za nyuma, imeshushwa chini, haina haraka. Ilisema: "Wamenipa mpaka Alhamisi. Ukisema nibaki, sitasaini."

Kidole kikapanda juu ya ukurasa, kikashuka tena. Hakikukuta kitu. Kitabuni, binti wa jemadari akishasema kwamba barabara ni ndefu, mchora ramani anapanda farasi na kwenda vitani kuchora mipaka ya nchi ambayo hatarudi kuishi humo. Hamna Alhamisi. Hamna kusaini pia. Binti wa jemadari hakufundishwa hata kuandika, na hicho ndicho chanzo cha nusu ya machozi yaliyomo kwenye riwaya ile.

Akarudisha nyuma, akasikiliza mara ya pili. Akaacha iendelee, ingawa tayari alijua kitakachofuata. Kilichofuata kilikuwa sauti yake mwenyewe, ikitokea kwenye spika ndogo ya chumba cha msomaji: "Safi, Mwalimu. Hiyo nimeipenda. Ukurasa wa mia tatu na nne."

Sekunde nne za kimya. Halafu karatasi ikafunuliwa, na Mwalimu akaanza ukurasa wa mia tatu na nne.

Mtu mwingine angeshangaa mwanamume mwenye masikio mawili mazima anawezaje kuambiwa jambo kama hilo akalijibu kwa namba ya ukurasa. Waliofanya kazi na Fundi wasingeshangaa. Akishavaa hedifoni kwa saa nne, maana ya maneno humtoka kabisa, akabaki na sauti tupu. Anasikia "p" iliyopasuka, "s" iliyochoma, kiti kilicholia, mate kwenye ulimi. Maneno humpita kama magari mbele ya mtu anayehesabu magurudumu. Shangazi, mwenye studio, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ila hakuna aliyethubutu kumwita vingine, alizoea kusema kwamba ungeweza kumsomea Fundi taarifa ya kifo chake mwenyewe, naye akakuomba urudie kwa sababu umeisoma mbali na maikrofoni.

Na ni Shangazi huyo huyo aliyemwandikia jana ujumbe wa mistari miwili. Mwalimu kasaini uhamisho, anaondoka Jumatatu. Maliza naye marekebisho kesho. Fundi alijibu "sawa", na siku nzima ikapita akiwa mtu wa sawa. Alikuwa na mpango wake. Kwa miezi mitano mwalimu wa darasa la nne alikuja kila jioni ya Jumanne na kila Jumamosi kuisoma riwaya ile ya zamani ili iwe kitabu cha kusikiliza, na kwa miezi mitano Fundi alijizuia, kwa kuwa aliona si uungwana kumwambia mwanamke mambo ya moyoni wakati amefungiwa naye kwenye vyumba viwili visivyo na dirisha. Angesema siku ya ukurasa wa mwisho. Jana aliamini kwamba Mwalimu amesaini bila hata kumfikiria. Leo saa tatu na robo akajua kwamba alifikiriwa, akaulizwa, na akajibu.

Saa nne kamili mlango uligongwa. Mwalimu aliingia kwanza, amevaa nguo ya pamba isiyo na mkwaruzo kama walivyokubaliana tangu mwanzo, hana bangili. Nyuma yake alikuwa mzee mrefu, shingo imenyooka, kofia mkononi.

"Fundi, huyu ni baba," alisema Mwalimu. Hakumtazama usoni. "Ameomba kuona."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi nani, mzee?"

"Wa upande wa pili wa kioo."

Fundi alimjua mzee kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua ndiyo kabisa. Miaka thelathini nyuma, riwaya hii hii ilichezwa redioni Jumapili arobaini mfululizo, na sauti ya mchora ramani ilikuwa ya mzee huyu. Watu walifunga maduka kumsikiliza. Mpaka leo hakuna aliyemwita jina lake; sokoni na kwa kinyozi alikuwa Mchora Ramani. Binti wa jemadari wa wakati ule alikuja kuwa mke wake, akamzaa Mwalimu, na Mwalimu alipokuwa darasa la pili mama huyo akafungasha vitu vyake akaondoka.

Mwalimu akaingia chumba chake, akafunga mlango mzito uliobandikwa trei za mayai za kumeza mwangwi. Fundi akazima kiyoyozi, maana mashine ilikuwa inasikika kwenye maikrofoni, na joto likaanza kupanda hapo hapo. Mzee akavuta kiti. Kupitia kioo walimwona Mwalimu akipanga karatasi zake. Hakuweza kuwasikia.

"Unajua nimefuata nini hapa?" mzee akauliza.

"Umemsindikiza."

"Nimekuja kukuangalia. Mwanangu hali tangu Jumanne. Nikimuuliza ananiambia koo. Koo gani linamliza mtu bafuni?"

Mzee akaweka kofia gotini.

"Nisikilize, kijana. Mimi na mama yake tulipendana kwenye chumba kama hiki. Chetu kilikuwa kikubwa kidogo. Jumapili arobaini tunaapiana kwa maneno ya mwandishi aliyekwisha kufa, na yule bwana alijua kuandika, usifanye mchezo. Tukaoana wiki ya thelathini. Mchezo ukaisha. Asubuhi moja nikamwambia mke wangu chai haina sukari, nikagundua hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia kitu ambacho hakikuandikwa na mtu."

"Akasemaje?"

"Akasema sukari iko mezani. Basi. Hatukuwa na mstari mwingine." Mzee akageuka kumtazama. "Sasa wewe humpendi mwanangu. Unampenda binti wa jemadari. Na yeye hakupendi wewe. Kakaa na watoto hamsini kutwa nzima, anakuja huku anakuta mtu anamwambia safi kila baada ya dakika tatu. Nani asingependa? Kwa hiyo aende zake huko alikopangiwa, akapumzike. Mtanishukuru wote wawili."

"Mzee, ile si sauti yake."

"Ipi?"

"Hiyo ya binti wa jemadari. Anaivaa akikaa, anaivua akisimama. Sauti yake inapitia puani kidogo. Na akicheka sana, anakoroma."

Mzee akaigeuza kofia gotini. "Hilo kalichukua kwa mama yake," alisema, kwa namna ya mtu anayekiri deni dogo ili asiulizwe kubwa.

Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Utaratibu wao ulikuwa mmoja kwa kila kosa: Fundi anarudisha nyuma sentensi tatu, anamchezea msomaji sauti yake mwenyewe ili aishike pale pale ilipokuwa, kisha anakata, na msomaji anadakia na sentensi sahihi. Ukifanywa vizuri, msikilizaji hajui kwamba kati ya neno na neno zimepita siku nne. Walifanya la kwanza, la pili, la tatu. Mkoba ukawa mkono. Mwalimu alisoma bila dosari na bila kuinua macho, na kwenye kosa la tano mzee, pengine bila kujua, alikuwa akizitamka sentensi kimyakimya pamoja naye.

"Bado la saba," Fundi akasema, kidole kwenye kitufe cha kuzungumzia.

"Liko wapi?"

"Mia tatu na tatu. Mwisho wa aya."

Mwalimu akafunua ukurasa, ingawa alikuwa anajua. Akaweka kiganja juu yake.

"Nipe za kabla yake," akasema. "Nishike sauti."

Fundi akazirudisha sentensi tatu. Angeweza kuisimamisha pale barabara ilipokuwa ndefu. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na mkono wake uliijua kazi hiyo kuliko kichwa chake. Aliuondoa mkono mezani akaukalia.

*Wamenipa mpaka Alhamisi. Ukisema nibaki, sitasaini.*

*Safi, Mwalimu. Hiyo nimeipenda.*

Akasimamisha, kidole kikarudi kwenye kitufe cha kuzungumzia na kubaki hapo.

"Hiyo haimo," mzee akasema.

"Mzee, nakuomba dakika mbili nje."

"Kitabu hiki nimekisoma mpaka kurasa zikaachia. Hiyo haimo. Nani kaiandika?"

"Mimi, baba." Mwalimu alikuwa bado mbele ya maikrofoni, na sauti yake ikajaa chumba kizima kutoka spika zote mbili, ile ya puani. "Fundi, umeisikia lini?"

"Leo."

"Leo."

"Saa tatu na robo."

"Jumanne ulisema umeipenda."

"Jumanne nilikuwa nasikiliza 's' zako. Zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri," Mwalimu akarudia, polepole, kama anavyorudia jibu la mwanafunzi ili mwanafunzi mwenyewe alisikie lilivyo. "Mimi nikakaa usiku mzima wa Jumanne na Jumatano nzima nikisema, huyu mtu mstaarabu. Hataki kuniambia hapana, kanipa ukurasa. Alhamisi saa nane mchana nikasaini."

Fundi alikuwa amekwishasimama. Mlango wa chumba cha msomaji hakuwahi kuufungua taa nyekundu ikiwaka, hata siku ile nyuki aliyeingia na Mwalimu alipotulia juu ya karatasi. Akaufungua.

"Taa inawaka," Mwalimu akasema.

"Naiona."

Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa maikrofoni. Nyuma ya kioo mzee, aliyeishi maisha yake kwa sauti bila picha, akaachiwa picha bila sauti.

Chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Wawili walitosha kama walisimama wima na hakuna aliyetaka kupunga mkono. Jasho lilikuwa limemtoka Mwalimu juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa mekundu kwenye kingo, ya mtu asiyelala vizuri siku tatu. Fundi aliyaona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kwenye kioo yalionekana meusi tu.

"Baki," akasema.

"Umechelewa."

"Barua haiwezi kurudishwa?"

"Inaweza. Siirudishi." Alisema bila ukali. "Nimezungumza na mwalimu mkuu wa huko. Darasa la nne halijapata mwalimu tangu mwaka uanze. Wameshaambiwa nakuja. Sitawaambia siji kwa sababu kuna mtu mmoja mjini alikuwa anasikiliza herufi."

"Sawa."

"Usiniambie sawa, Fundi. Sawa na safi zimenichosha."

"Basi sisemi ubaki."

"Unasema nini?"

Hapo Fundi akakwama. Alikuwa ameandaa maneno ya siku ya ukurasa wa mwisho, maneno mazuri, yenye mpangilio, na sasa alipoyatafuta aligundua yote yalikuwa yamechukua mwendo wa kile kitabu. Hata farasi alikuwamo. Akayaacha.

"Ni saa ngapi mpaka huko?"

"Tisa. Kumi mvua ikinyesha."

"Mwisho wa mwezi Shangazi hunipa siku tatu. Nitakuja."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Uniambie chai haina sukari."

"Chai gani?"

"Muulize baba yako."

Mwalimu aligeuza kichwa kidogo kuelekea kwenye kioo, akakirudisha. "Fundi, wewe unapenda ninavyosoma. Nalijua hilo, na si kosa. Lakini huko sitakuwa nasoma. Nitakuwa nasahihisha madaftari, nimechoka, nina chaki kwenye nywele."

"Nimekusikiliza miezi mitano," Fundi akasema. "Katika miezi mitano uliniambia mimi kitu kimoja tu, mimi mwenyewe, na kikanipita. Kwa hiyo sijakusikiliza bado. Nataka nianze."

Mwalimu akamtazama muda mrefu. Fundi aliuvumilia mtazamo ule bila kusema kitu, na kwa mtu aliyezoea kuongea kwa kubonyeza kitufe na kuachia, haikuwa kazi ndogo.

"Nimekuchukia siku tatu," alisema Mwalimu. "Haziishi kwa dakika tano."

"Hazitaisha leo."

"Na Jumatatu nitapanda basi bado nimekasirika kidogo."

"Panda tu."

Kona ya mdomo wake ikasogea, ikarudi mahali pake. "Chomeka waya," akasema. "Tumalize la saba."

Mwalimu aliisoma aya hiyo mara moja. Binti wa jemadari alisema hatamwomba mchora ramani arudi, atamwomba tu asiuchore mto wao kwenye ramani yoyote, ili jeshi lisiujue, na kwamba barabara ni ndefu. Kisha akanyamaza pale kitabu kinaponyamaza. Fundi alingoja sekunde mbili, akazima. Hakusema safi, na Mwalimu hakuingoja. Mzee alikuwa ameikunja kofia yake mara mbili.

Mwalimu akatoka, karatasi zake kwapani. Kwa miezi mitano hakuwahi kuja upande huu wa meza. Akasimama nyuma ya kiti cha Fundi, akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Ile nyingine iko wapi?"

Fundi akamwonyesha. Alikuwa ameikata na kuiweka peke yake pembeni, kipande cha sekunde tano. Kwenye kompyuta kilionekana kama vilima viwili vidogo na bonde katikati.

"Ifute."

Fundi akageuka. "Haitaingia kitabuni. Nitabaki nayo mimi tu."

"Ndiyo maana nasema ifute." Aliongea taratibu, na hakupunguza sauti ingawa mzee alikuwa hatua mbili kutoka pale. "Nyumbani kuna bati la biskuti. Ndani mna kanda kumi na mbili za ule mchezo wa redio. Kila Ijumaa baba anafunga mlango wa chumba chake, anamsikiliza mama. Mama anaishi vituo viwili vya basi kutoka kwetu, Fundi. Hajawahi kwenda. Kwa nini aende, na mama yuko kwenye bati? Ukiwa na hii, mwezi wa kwanza utakuja. Mwezi wa pili mvua itanyesha, utavaa hedifoni."

Mzee alikuwa akizitazama trei za mayai ukutani kana kwamba ndiyo kwanza ameziona.

Fundi akaibofya ile sentensi. Vilima vikabadilika rangi. Akabonyeza, na kompyuta, yenye adabu zake, ikamuuliza kama ana uhakika. Mkono wake ulisita. Katika miaka minane ya kazi hiyo hakuwahi kufuta sauti safi. Zilizochafuka ndizo zilizofutwa. Akabonyeza ndiyo. Kisha akafungua pipa la takataka la kompyuta, akaifuta na huko. Kisha akachomeka kidiski chake cha nakala za akiba, akaitafuta, akaifuta na humo, na hilo la tatu Mwalimu hakuwa amelijua wala kuliomba.

"Sasa hakuna," Fundi akasema. "Nikiitaka, itabidi nije kukuuliza."

"Nitakuwa nimeisahau."

"Utaniambia nyingine."

Mwalimu alicheka, bila kutaka, kupitia puani, na mwishoni akakoroma. Akafunika uso kwa karatasi za sura ya thelathini na moja.

Mzee akainuka. Akainyoosha kofia yake, akaivaa, akaenda mpaka mlangoni na kushika kitasa, akabaki amewapa mgongo. Alipozungumza, ile sauti iliyofunga maduka haikuwamo. Ilikuwa ya mzee tu, imekauka kidogo, inatafuta maneno yake.

"Kijana, basi linaondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Ana masanduku matatu ya vitabu, na mimi mgongo wangu hauwezi." Akafungua mlango. "Njoo mapema. Chai utaikuta."